Maswali na majibu: Kabla hujauliza Lido au Jeppesen

Wiki hizi maswali yamekuja kwa wingi kuhusu programu ambazo mashirika ya ndege hutumia kupangia safari. Wengi wenu ni vijana wa hapa Tanga mnaosoma mambo ya anga Dar es Salaam, au mliopata kazi kwenye kampuni ndogo za ndege za kukodi. Nimefanya kazi ya kupanga safari za ndege miaka mingi, nyumbani na ng'ambo, kabla ya kurudi Chumbageni. Kwangu hii si habari ya mashine. Ni habari ya mtu aliyekaa kiti cha dirishani akiamini kwamba kuna mwenzake amempigia hesabu. Nimechagua maswali kumi, na yaliyofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo mzee. Ipi ni bora kuliko zote: Lido, Jeppesen au NAVBLUE? Naomba jibu fupi. (Kijana wa Mabawa)

Marahaba. Jibu fupi ni kwamba hakuna iliyo bora kuliko zote. Sasa nipe nafasi ya jibu refu, maana swali hili limeletwa na watu wanne na hakuna hata mmoja aliyeniambia ana ndege za aina gani, anaruka wapi, wala ana watu wangapi ofisini. Huwezi kumwendea fundi wa majahazi ukamwuliza tanga lipi zuri, usimwambie chombo chako kina urefu gani.

Lido ni ya Lufthansa Systems ya Ujerumani. Sifa yake ni kutafuta njia upya kila safari badala ya kutegemea njia zilizohifadhiwa, na kuzigeuza notamu, yale matangazo ya kufungwa kwa viwanja na anga, ziwe vikwazo ambavyo hesabu yenyewe inaviona. Jeppesen ina JetPlanner, na jina hilo lina mizizi mirefu: rubani Elrey Jeppesen alianza kuuza daftari lake la njia na viwanja mwaka 1934, kwa dola 10. Nguvu yao hadi leo ni data ya dunia nzima. NAVBLUE ni ya Airbus, iliyotokana na kununuliwa kwa kampuni ya Kanada iitwayo Navtech mwaka 2016, kwa hiyo mwenye Airbus anapata takwimu za ndege yake kutoka kwa mwenye kuitengeneza. Flightkeys ya Vienna ni changa kwa umri, imeundwa upya tangu msingi, haikubeba mizigo ya zamani. PPS ya Air Support, Denmark, ina wateja wengi miongoni mwa kampuni ndogo na za kati.

Zote hizo zitakupa njia, muda, mafuta na fomu ya kupeleka kwa waongoza ndege. Tofauti hutaiona siku ya maonyesho ya muuzaji. Kwa hiyo mfanyie hivi: chukua safari 10 ambazo kampuni yako ilikwisha kuziruka, za masika na za kiangazi, zenye abiria wengi na zenye abiria wachache. Mwambie aziingize kwenye programu yake kwa upepo wa siku zile. Kisha weka pembeni mafuta ambayo ndege ilichoma kweli, na ulinganishe mstari kwa mstari. Asiyekubali jaribio hilo msindikize mlangoni, hata kama skrini zake zinang'aa.

Halafu muulize simu ikipigwa saa nane usiku inapokewa na nani. Muulize intaneti ikikatika ofisini kwako, karatasi ya safari inatokea wapi. Na muulize data ya njia inabadilishwa na nani, maana dunia nzima data hiyo hubadilika kila siku 28. Nimeona kampuni inalipia programu ya fedha nyingi, halafu inaacha data ichakae kwa sababu malipo ya data yako kwenye ankara nyingine ambayo mhasibu hakuielewa. Hapo umenunua nyumba ukasahau kulipia maji.

Je, naweza kutumia SimBrief kupanga safari za kweli za kampuni yetu ndogo? Ni bure. (Kaka wa Pongwe)

Hapana. Ni ya michezo ya kuigiza urubani kwenye kompyuta, na wenyewe wamesema isitumike kwa safari za kweli.

Nilipata kuona karatasi ya rubani. Imeandikwa ndege inaondoka 0900, nasi tuliondoka saa sita mchana. Walituchelewesha saa tatu wakaficha? (Mama wa Ngamiani)

Hapana mama, hawakuficha kitu, na swali lako ni la maana kuliko unavyodhani. Karatasi zote za safari za ndege zinaandikwa kwa saa moja ya dunia, ile ya Greenwich. Sisi Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo 0900 ya karatasi ni 12:00 kwa saa ya ukutani, na 12:00 ya ukutani ndiyo saa sita yetu ya Kiswahili. Mliondoka kwa wakati.

Ila hapa nina neno kwa vijana. Mtu wa hapa kwetu anabeba saa tatu kichwani kwa mara moja: ya karatasi, ya ukutani na ya Kiswahili. Nimewahi kuona mteja wa ndege ya kukodi ameambiwa kwa simu "saa kumi na mbili", akaja machweo, kumbe mwenzake alikuwa anamsomea 1200 ya karatasi, yaani saa tisa alasiri. Rubani alikuwa amekaa kwenye kivuli cha bawa tangu saa nane. Kiwanja walichokuwa wakienda hakikuwa na taa, safari ikafa. Ukimtajia abiria saa, sema "saa tisa alasiri" kwa maneno, na umwombe airudie.

Bosi wangu anasema marubani wanaomba mafuta mengi mno na kwamba programu inajua zaidi kuliko wao. Anataka nikatae kila ombi la kuongeza. Nifanyeje? (Msomaji aliyeomba asitajwe)

Hili ndilo lililonifanya nikae mezani leo, kwa hiyo nitalichukulia muda.

Kwanza nimtendee haki bosi wako. Mafuta yana uzito, na kubeba uzito kunakula mafuta. Kanuni ya mkono tunayoitumia ni kwamba kila saa ya kuruka, ndege kubwa inachoma kama asilimia 3 hadi 4 ya uzito wa ziada ulioubeba. Kilo 500 za ziada kwenye safari ya saa 9 zinaweza kukugharimu kilo 150 hivi. Hiyo ni fedha, na kwa ndege nyingi kwa mwaka ni fedha nyingi. Programu nzuri huweka kumbukumbu ya kila njia: ilipanga kiasi gani, ndege ikachoma kiasi gani. Bosi wako akae na kumbukumbu hizo na marubani wake mezani, wazungumze. Hiyo ni kazi halali.

Lakini kwenye safari ya saa moja na robo, kilo hizohizo 500 zinakula kilo 20 na ushee. Kugombana na rubani kwa kilo 20 ni kukosa kazi ya kufanya.

Sasa chukua kalamu. Tuseme ndege yako inakula kilo 2,400 kwa saa na unakwenda Mwanza kutoka Dar es Salaam, saa 1 na dakika 15. Safari yenyewe ni kilo 3,000. Mafuta ya dharura ni asilimia 5 ya hiyo, yaani 150. Simama hapo! Kanuni ya kimataifa inasema yasipungue ya kuzunguka hewani dakika 5 juu ya kiwanja unachokwenda. Dakika 5 ni kilo 200. Kwa hiyo unachukua 200, si 150. Kwenye safari fupi asilimia 5 inakudanganya, na programu iliyowekwa vibaya siku ya kwanza itakudanganya kila siku bila kukohoa. Kiwanja mbadala tuseme Kilimanjaro, dakika 45, kilo 1,800. Akiba ya mwisho ya dakika 30 kwa ndege za jeti, kilo 1,200. Kutambaa chini kabla ya kuruka, 150. Jumla kilo 6,350. Gari la mafuta linapima kwa lita, na lita moja ya mafuta ya ndege ni kama kilo 0.8, kwa hiyo ni lita 7,938 hivi kama tangi lilikuwa tupu.

Hesabu hiyo inachukua dakika 3. Karatasi ya programu ikikuambia 6,300 au 6,450, sawa, upepo na kimo vimeingia humo. Ikikuambia 5,200, usitume. Tafuta kwanza kwa nini.

Usiku wa tarehe 28 Novemba 2016 ndege ya kampuni ya LaMia iliondoka Santa Cruz, Bolivia, kwenda Medellín, Kolombia, imebeba timu ya mpira ya Chapecoense. Fomu ya safari iliyopelekwa ilionyesha muda wa safari saa 4 na dakika 22. Uwezo wa mafuta kukaa hewani: saa 4 na dakika 22. Namba mbili sawasawa, zimeandikwa kwenye karatasi moja, na ofisini pale kuna aliyeziona akauliza. Ndege iliishiwa mafuta karibu na kiwanja. Watu 71 walikufa, 6 wakapona. Hakuna programu duniani iliyokosekana pale. Kilichokosekana ni mtu mwenye uwezo wa kusema haiondoki na akasikilizwa.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: rubani mkuu akiomba mafuta, mwandikie. Muulize sababu kwa heshima, iandike kwenye kumbukumbu, na umpelekee bosi wako mwisho wa mwezi. Bosi akikutaka ukatae kila ombi, mwombe akuandikie agizo hilo kwa saini yake. Hapo utajua anaamini kiasi gani anachokisema.

Kwa nini walinipima kwenye mizani mbele ya watu pale uwanjani Tanga? Niliona aibu. (Dada wa Makorora)

Pole dada, na waliokupima mbele ya foleni nzima walikosa adabu. Mizani inaweza kuwekwa pembeni na namba ikaandikwa kimya. Lakini kupimwa ni lazima. Ndege kubwa yenye watu 150 inaruhusiwa kutumia uzito wa wastani kwa kila abiria, kwa sababu mnene na mwembamba wanafidiana. Ndege ya viti kumi na kidogo haina wingi huo. Wanaume sita wa miraba minne wakikaa nyuma, uzito unahama, na ndege inaweza kuinua pua pale ambapo rubani hataki.

Na naomba niseme: ule mtindo wa kumpa mwenzako begi dogo alibebe mkononi ili lisipimwe, acheni. Kwenye ndege hizi mzigo wa kawaida ni kilo 15 kwa mtu. Ukificha kilo 8 za halua na samaki wakavu, na wenzako wanne wakafanya hivyohivyo, mmepandisha kilo 40 ambazo hazimo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Ile siku anga ya Uingereza ilifungwa mwaka 2023, si walidukuliwa? Watu wanaficha. (Msomaji wa Muheza)

Hawakudukuliwa. Tarehe 28 Agosti 2023 mfumo wa waongoza ndege wa Uingereza ulipokea fomu ya safari moja halali, kutoka Los Angeles kwenda Paris. Ndani yake kulikuwa na vituo viwili vya njia vyenye jina moja, DVL: kimoja Deauville, Ufaransa, kingine Devils Lake, Marekani. Mfumo ulichanganyikiwa ukajizima, na wa akiba ukapokea fomu ileile ukajizima vilevile. Ilichukua sekunde chache. Abiria zaidi ya 700,000 walipata taabu.

Kwa anayepanga safari hapo kuna la kuangalia kila siku. Majina ya vituo ni herufi chache na yanajirudia duniani. Unapoandika njia kwa mkono, programu inaweza kukuchukulia kituo cha bara jingine. Dalili yake ni umbali: kipande cha maili 90 kinageuka 3,900. Soma safu ya umbali, si jina tu.

Na lipo jingine baya zaidi, la zamani. Tarehe 28 Novemba 1979, ndege ya Air New Zealand iligonga mlima Erebus kule Antaktika, watu 257 wakafa wote. Namba za njia kwenye kompyuta ya shirika zilikuwa zimerekebishwa usiku kabla ya safari, na marubani hawakuambiwa. Walionyeshwa njia moja darasani, wakapewa nyingine kwenye karatasi. Kila nikiona mtu anarekebisha njia iliyohifadhiwa "haraka tu" bila kumpigia simu mtu yeyote, nakumbuka mlima ule.

Nasikia Jeppesen imeuzwa. Tuhame? (Meneja, hakutaja mahali)

Boeing waliinunua mwaka 2000, na mwaka 2025 walitangaza kuiuza kwa Thoma Bravo, wawekezaji wa Marekani, katika biashara ya dola bilioni 10.55 pamoja na ForeFlight, programu ya marubani, na nyinginezo. Programu za Sabre za uendeshaji wa ndege nazo zilikwenda CAE ya Kanada mwaka 2022. Biashara hii ina wenye mali wanaokuja na kuondoka. Usihame kwa sababu ya habari ya magazeti. Soma mkataba wako ukurasa wa bei na ukurasa wa kuvunja mkataba, na uhakikishe kumbukumbu za safari zako za nyuma unaweza kuzichukua ukiondoka. Kumbukumbu hizo ni mali yako kuliko programu yenyewe.

Mzee, kusi ikivuma, ndege ya hapa kwenda Dar huchelewa kama jahazi? (Mvuvi wa Deep Sea)

Huchelewa, ndiyo, ila kwa dakika. Tanga hadi Dar es Salaam ni kama maili 107 za baharini. Ndege ndogo ya injini moja yenye mwendo wa maili 165 kwa saa inachukua dakika 39 pakiwa shwari. Kusi ya maili 25 ikimjia usoni inakuwa dakika 46. Akirudi, upepo uko mgongoni, dakika 34. Sasa jumlisha: bila upepo kwenda na kurudi ni 78, kwa upepo ni 80. Ulichopoteza kwenda hukipati chote kurudi, kwa sababu ulikaa ndani ya upepo mbaya muda mrefu kuliko ulivyokaa kwenye mzuri. Nahodha wa jahazi analijua hilo tangu utotoni; vijana wangu wa darasani linawashangaza.

Ndege kubwa ni habari nyingine. Futi 35,000 kusi na kaskazi hazifiki, huko kuna pepo zake. Utabiri wa pepo hizo kwa dunia nzima unatoka vituo viwili, London na Washington, na programu zote nilizozitaja juu zinakula chakula hichohicho. Ndiyo maana sishtuki muuzaji akiniambia upepo wake ni sahihi kuliko wa jirani.

Akili mnemba si itawafukuza kazi wapanga safari wote? Kuna haja gani ya kusoma? (Mwanafunzi wa Dar es Salaam, mzaliwa wa Lushoto)

Alaska Airlines wanatumia programu ya namna hiyo, Flyways, tangu 2021. Inatazama anga, hali ya hewa na msongamano, inapendekeza njia. Mpanga safari anakubali au anakataa. Marekani kisheria yeye na rubani wanabeba dhima pamoja, na dhima haiwezi kubebwa na mashine.

Soma. Na usinitumie tena majibu uliyoyaomba kwenye simu kuhusu mafuta ya Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja. Nimeletewa matatu mwezi huu, yote yameandikwa kwa ufasaha, mawili yamechanganya pauni na kilo. Mwaka 1983 ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 ilihitaji kilo 22,300, wakazidisha lita kwa 1.77, ambayo ni ya pauni, badala ya 0.8 ya kilo. Ikaondoka na mafuta yasiyofika nusu. Injini zilizimika angani, na kama rubani hakuwa mjuzi wa kuelea bila injini, kule Gimli, Kanada, ilikotua, kungekuwa na makaburi. Kompyuta ya ndani ya ndege iliamini namba iliyoingizwa. Kompyuta huamini.

Mwanangu wa kiume anataka kusomea kazi hii. Aanze na programu ipi ili apate kazi haraka? (Baba wa Raskazone)

Asianze na programu yoyote, ndugu yangu. Kubonyeza Lido atafundishwa na mwajiri kwa wiki chache. Aanze na hali ya hewa, uzito na mizani ya ndege, sheria, na usomaji wa notamu. Kimataifa leseni haitolewi chini ya miaka 21, kwa hiyo muda anao. Huku kwetu leseni ni ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na aulize mapema chuo anachokitaka kama kozi yake inatambuliwa nao. Nimeona wazazi wakilipa ada mahali ambapo mwisho wake ni cheti cha kutundika ukutani.

Nikueleze kwa nini nasisitiza. Usiku mmoja nikiwa zamu, katika kampuni ambayo sitaitaja, ndege iliyopangiwa safari ilipata hitilafu. Wakaleta nyingine, aina ileile, rangi ileile. Mwenzangu alihamisha abiria na mizigo kwenye mfumo, lakini kwenye programu ya kupangia safari hakubadilisha usajili. Ile ya kwanza ilikuwa na injini changa. Ya pili ilikuwa kongwe, inakula asilimia 3 zaidi, na nzito zaidi kwa viti na majiko. Karatasi ilitoka safi, kurasa 14, hakuna onyo hata moja jekundu. Nami niliipitia nikatia saini.

Rubani mkuu alikuwa mama mmoja mtulivu. Hakufungua ukurasa wa njia wala wa hali ya hewa. Alichukua kalamu akapiga mstari chini ya herufi tatu za mwisho za usajili, kona ya juu, akageuza karatasi ikanielekea. "Ndiyo hii iliyoko nje?" Nikatazama dirishani. Chini ya taa, mkiani, herufi zilikuwa nyingine. Tulipanga upya, tukaongeza mafuta, tukaondoka na dakika 25 za kuchelewa. Hakunifokea. Tangu usiku ule sikuwahi kutia saini bila kupiga mstari pale kona ya juu kwanza.

Basi mwanao nimpe kazi ya kuanzia. Ndege ya injini moja inatoka hapa kwenda Pemba, maili 45 za baharini, mwendo maili 165, inakula kilo 160 kwa saa, kusi inavuma maili 20. Kiwanja mbadala ni Zanzibar. Achague mwenyewe kimo, aeleze sababu, apige mafuta yote kwa kalamu: ya safari, ya dharura, ya kiwanja mbadala, ya akiba. Umbali wa Pemba hadi Zanzibar aupime kwenye ramani kwa rula. Akimaliza, mwambie aniletee karatasi yenye makosa yake yaliyokatwa kwa mstari, asiyafute.